Usimpigie Rubani

Tarehe 4 Februari

Kereng'ende wangu,

Salamu kwanza. Sisi huku tunavuta pumzi, na kwa kuwa haijatozwa kodi bado, tunaivuta kwa fujo. Duka linakwenda. Misumari inauzika, rangi nyekundu inasuasua, saruji inategemea barabara na barabara inamtegemea Mungu. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Na wewe je, unakula? Mara ya mwisho ulikuja umekonda mpaka nikaona aibu kukutembeza mtaani, watu wasije wakakumbuka kwamba niliyekulea ni mimi.

Nakuandikia kwa sababu simu huku ni mpaka upande kwenye tangi la maji, kile kilima cha shule, na nikifika juu pumzi ya kuongea imekwisha. Barua nampa dereva wa lori la saruji, yule Mapengo. Anaitia kwenye droo ya mbele na ananiapia kwamba kitu chake hakipotei. Hakipotei kweli, ila kinachelewa mpaka habari zinaota mvi.

Sasa jambo lenyewe. Mdogo wako ana mimba. Ndiyo, binti yangu huyu huyu aliyesema hazai mpaka amalize kusomesha watoto wa wenzake. Mumewe yuko melini, atarudi mwisho wa mwaka. Mtoto anatarajiwa mwisho wa Aprili. Nesi wa zahanati kampima, presha iko juu, miguu imevimba, kasema asithubutu kujifungulia hapa, ashuke hospitali kubwa huko kwenu.

Watu wakaanza kunipa pole. Nikawauliza pole ya nini? Aprili ni mvua, barabara itakatika kama kawaida yake, lakini nyinyi ndio wenye barabara. Mimi nina mtoto wa kaka yangu anayeendesha helikopta ya wagonjwa. Siku ikifika atatua uwanja wa mpira, atamchukua mdogo wake, sisi tutapunga mikono.

Kwa hiyo siombi, nakuarifu. Uwe tayari.

Shangazi yako


Tarehe 27 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo, na shikamoo ya pili kwa goti. Nakula, nalala, nafua nguo zangu mwenyewe ingawa huamini. Barua yako nimeipata na vumbi lake la saruji, nimeisoma huku napiga chafya.

Habari ya mdogo wangu imenifurahisha mno. Nilicheka peke yangu chumba cha zamu mpaka fundi wa helikopta akaniuliza kama nimekubaliwa posa.

Sasa nisikilize bila kunikatiza, maana kwenye karatasi hata wewe huwezi. Simu ya mgonjwa haiji kwangu. Inaingia chumba cha simu, kwa mratibu. Yeye anajua ni nani, anaumwa nini, ana umri gani. Mimi nakaa chumba cha pili, ukuta uko katikati. Ananiambia mahali, uzito na saa, basi. Siambiwi kama ni kichanga au mzee, kama analia au amezimia. Natazama hali ya hewa, mafuta na milima, nasema naenda au siendi. Kisha nawauliza wenzangu wawili, nesi na fundi. Yeyote kati yetu akisema hapana, ni hapana, na haulizwi kwa nini.

Najua umeshasema kwamba tuna roho ya chuma. Unamkumbuka Kapteni, mwalimu wangu, yule niliyekuja naye akakumalizia sufuria nzima ya wali? Siku ile ya ajali yake aliambiwa kuna mtoto ameungua. Mawingu yalikuwa yamelalia mlima na aliyaona. Lakini na yeye alikuwa baba wa watoto, na lile neno mtoto likamwingia. Akapita hivyo hivyo. Wakati ule helikopta yetu haikuwa na mashine inayopiga kelele ardhi ikikaribia. Walikufa watatu. Yule mtoto akapelekwa kwa gari, akapona, siku hizi anasoma.

Baada ya msiba ule ndipo mamlaka ya anga ikatunga kanuni mbili. Ile mashine ifungwe kwenye kila helikopta ya wagonjwa, na rubani asiambiwe anayemfuata ni nani. Tulizipinga mwanzoni, mimi nikiwa wa kwanza. Sasa sizipingi.

Kwa hiyo Shangazi, ahadi unayoitaka sina. Aprili lile pengo la milima kabla ya kufika kwenu linaziba ukungu siku nzima, na hatuna namna ya kuliona tukiwa huku mpaka tulifikie. Mshushe mwanzoni mwa mwezi, kabla barabara haijakatika. Chumba changu cha pili nimeshakitoa baiskeli, nimeweka kitanda na feni. Hospitali iko mtaa wa tatu.

Msalimie sana, na umwambie nimeanza kutafuta jina.

Kereng'ende


Tarehe 20 Machi

Kereng'ende,

Marahaba. Goti nalo limeitikia.

Huku wazima. Kuku wa jirani kaingia dukani akataga ndani ya ndoo tupu ya rangi, tunabishana yai ni la nani. Mabati yamepanda bei. Mdogo wako anakula ndimu kama chungwa, ukimtazama meno yako ndiyo yanayopata ganzi. Mimi nafuma sweta ndogo ya njano, maana rangi hiyo haina ubishi.

Barua yako nimeisoma. Chumba chako kizuri, hongera kwa kutoa baiskeli.

Habari ya Kapteni nilijua amekufa, sikujua kwa nini. Alikuwa mtu wa watu. Nimesikitika.

Ila nikuulize na mimi. Ulipokuwa mdogo ukashikwa na ile homa, nilikubeba mgongoni mpaka zahanati na mvua inanyesha. Sikuuliza uzito wako. Sikutazama mawingu. Ningekaa kuyatazama, leo nani angekuwa ananifundisha kanuni?

Mdogo wako anasema atashuka akimaliza kusahihisha mitihani, katikati ya Aprili. Mimi simharakishi. Mtaa mzima unajua unakuja. Vijana wa mpira wamejigawia zamu za kufukuza mbuzi uwanjani. Unataka nikawaambie nini?

Hiyo mashine ya kupiga kelele, sauti yake ya kiume au ya kike? Kama ni ya kike, sidhani kama kuna mwanaume anaisikiliza.

Shangazi


Tarehe 3 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Huku salama. Naandika kwa haraka, Mapengo anangoja na injini inaunguruma.

Nimekupigia wiki nzima, hupatikani. Usisubiri mitihani. Mshushe kwa lori hili hili likigeuza. Mitihani itasahihishwa na mwenzake.

Na kama akizidiwa kabla ya hapo, nesi wa zahanati aite chumba cha simu. Namba nimeiandika hapo chini kwa tarakimu kubwa. Usinipigie mimi. Nakuomba kwa jina la baba yako ninalolibeba, usinipigie mimi. Kwenye barua ya kwanza hili sikukuambia, nilidhani halitafika huko. Nikishajua mgonjwa ni nani, kanuni inanitoa. Natakiwa nikae pembeni, aitwe rubani mwingine kutoka nyumbani kwake. Ukinipigia, ndiyo umeninyima kuja.

Sauti ya mashine ni ya kike. Inafanana na yako, ndiyo maana naisikiliza.

Kereng'ende


Tarehe 12 Mei

Kwa mtoto wa kaka yangu,

Mdogo wako kafika juzi. Barabara imefunguliwa, kaletwa na lori jingine. Anatembea, anakula kidogo. Macho yaliyokuwa yanaona kiza sasa yanaona. Duka lipo.

Kaniambia mtoto ulimzika wewe. Kwamba ulimbeba mwenyewe, na kwamba kabla ya hapo uliomba avalishwe ile sweta ya njano niliyoitia kwenye mkoba wa mama yake. Kwa hilo nakushukuru, Mungu akulipe. Nimeambiwa alikuwa wa kike. Sikumwona.

Kaniambia pia ulikuwa unakuja wodini kila ukitoka kazini, unakaa pembeni ya kitanda, unamenya machungwa. Na alipokuuliza kwa nini hukuja kumchukua, ukaendelea kumenya.

Basi nakuuliza mimi, na mimi sina chungwa la kukupa. Asubuhi ile alianguka jikoni, mwili mzima ukatetemeka. Nesi akaja mbio akasema ni kifafa cha mimba, akarudi mbio kwenye redio ya zahanati. Mimi nikapanda kwenye tangi la maji na goti hili hili. Nikakupigia. Ukapokea. Nikakwambia, Kereng'ende, ni mdogo wako, anakufa, njoo. Ukasema, "Shangazi, usiniambie zaidi," na simu ikakatika. Mpaka leo sijui ilikatika au uliikata.

Tulimbeba mpaka uwanjani juu ya mlango mpya niliokuwa nauza, tukakaa naye chini ya turubai. Watu wote shingo juu, na juu hakuna kitu, ukungu umekaa pale kama umelipa pango. Mtu akaniuliza rubani wangu vipi. Nikasema yuko njiani. Baadaye akaniuliza tena. Nikasema yuko njiani.

Mchana ndipo tukasikia mlio. Ilipotua nilikimbia, nikasema sasa atashuka. Akashuka mwanamke mfupi ambaye hata hanijui. Akanishika bega akanirudisha nyuma, kwa ukali, nisisogelee ule mkia unaozunguka. Wakampakia. Kwangu mimi uzito ukazidi. Nikabaki uwanjani na mlango wangu.

Ulikuwa wapi? Usiniandikie kanuni, nimeshazisoma. Niandikie ulikuwa wapi.

Shangazi yako


Tarehe 2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nashukuru mdogo wangu kafika salama. Mwambie dawa za presha asiache hata akijisikia mzima.

Barua hii nimeianza mara nyingi. Kwanza niseme kwamba na mimi nina donge langu. Nilikuandikia usinipigie. Nilikuomba kwa jina la baba yako. Ukanipigia. Nimekaa mwezi mzima najiuliza kama ulinidharau au ulidhani natania. Ndiyo maana wodini nilimenya machungwa. Ningefungua mdomo, ningesema neno la kukusema wewe mbele ya mwanao aliyefiwa, na hilo sikutaka.

Unauliza nilikuwa wapi. Nilikuwa kwenye kiti changu natazama hali ya hewa. Mratibu alikuwa ameshaniambia mahali, uwanja wenu wa mpira. Nilisema moyoni, mji ule una watu wengi, si lazima awe yeye. Nilikuwa naelekea kusema tusubiri kidogo pengo lifunguke. Hapo simu yangu ikalia.

Niliikata mimi. Haikukatika.

Na baada ya kuikata sikukaa pembeni kama kanuni inavyosema. Nilivaa helmeti. Nilifika mlangoni. Njia nilikuwa nimeshaichagua, nifuate mto chini ya ukungu mpaka machimbo ya kokoto, kisha nipande kwa kukisia. Ile mashine ingepiga kelele, na ina kitufe cha kuinyamazisha. Shangazi, kidole changu kilikuwa kimeshakibonyeza kile kitufe na mimi niko bado mlangoni kituoni. Hilo ndilo sikutaka kukwambia. Kapteni nilimlaumu miaka yote, kumbe nilikuwa sijapigiwa simu tu.

Nesi wangu alinitazama usoni, akasema, "Hapana." Hakujua nimesikia nini. Aliona sura. Nikavua helmeti, nikamwambia mratibu, mimi sifai, mgonjwa namjua.

Akaitwa Bi Kimya, yule mwanamke mfupi. Alifika nywele zake hazijachanwa. Wakati huo pengo lilikuwa bado limeziba, akasubiri, kisha akaondoka na wale wale wenzangu wawili. Njiani likaziba tena mbele yake. Akatua kwenye yale machimbo, akazima injini, akakaa. Wafanyakazi wa kokoto wakamletea chai. Mimi nilikuwa nje ya kituo, nimekalia pipa, sina redio, sina kazi. Lilipofunguka ndipo akaja kwenu. Naweza kusema umbali kati ya yale machimbo na mlima ni mdogo sana. Mimi nisingetua pale.

Kama nisingejua, huenda ningeondoka mapema kidogo kuliko yeye, huenda ningesubiri zaidi. Sijui. Lakini najua nilivyokuwa baada ya kujua. Mngezika wanne, sisi watatu na mtoto, na mdogo wangu angebaki uwanjani.

La mwisho. Daktari aliniambia mtoto alikuwa ameshakwenda kabla hujaanza kupanda kile kilima. Simu yako haikumuua. Ukishuka nitakupeleka umuulize mwenyewe. Nakwambia hili kwa sababu nakujua, unajifanya unanigombeza mimi kumbe usiku unajigombeza mwenyewe.

Alikuwa na nywele nyingi. Vidole virefu, vya kwako. Sweta ilimwenea.

Kereng'ende


Tarehe 19 Agosti

Kereng'ende wangu,

Marahaba, baba. Barua yako ya Juni nimekaa nayo kimya, na unajua mimi kukaa kimya ni ugonjwa. Mteja mmoja aliniletea mchaichai.

Nianze na donge lako. Juzi hapa mlangoni kasimama Mapengo. Lile lori lake Aprili lilinaswa kati ya madaraja mawili, maji yakaingia kwenye injini, likavutwa gereji. Tajiri wake akapeleka lori jingine na dereva mwingine, Mapengo akabaki gereji analinda lake kama mke mgonjwa. Sasa limepona. Kafungua ile droo, kanikabidhi barua yako ya tarehe 3 Aprili. Haikupotea. Aliapa na kiapo chake kimetimia.

Niliisoma nimesimama, nikakaa juu ya boksi la misumari bila kuangalia. Nakwambia ukweli, ningeipata Aprili nisingekupigia. Ningenuna, lakini nisingepiga. Jina la baba yangu hulitumii ovyo.

Kwa hiyo mimi nilidhani umenitupa, wewe ulidhani nimekudharau, na jibu letu sote liko kwenye droo, gereji, chini ya soksi za Mapengo.

Nilimsomea mdogo wako zote mbili. Kalia sana. Halafu kasema, "Mama, mimba ilikuwa yangu. Mitihani mwenzangu alitaka kunisahihishia, nikakataa. Nilijua kaka atakuja." Nikamwangalia. Na mimi kila nesi akinihimiza nilijibu hivyo hivyo, kaka yake atakuja. Wenzetu wasio na rubani waliwashusha wajawazito wao Machi kwa lori, wakarudi na watoto. Sisi tulikuwa tumeshapanda helikopta ambayo haijaruka. Hilo nitakufa nalo, Kereng'ende, usinipunguzie. Lakini kufa nalo si lazima nilibebe peke yangu kila siku, na mwanangu kaninyang'anya nusu.

Naye yuko vizuri. Mumewe karudi kabla ya wakati wake. Mdogo wako karudi shule, analalamika kuhusu mwandiko wa watoto, basi nikajua amepona kiasi.

Sasa habari nyingine. Walikuja mafundi wawili wametumwa na mamlaka ya anga. Kanuni mpya, kila pengo la milima mnalopitia liwekewe kamera, rubani alione akiwa bado kituoni kwake. Walitaka kuifunga paa la shule. Nikawaambia paa la shule linavuja na umeme wake wa kubahatisha, langu bati jipya nimelipiga misumari mwenyewe, na pengo linaonekana lote. Wakabishana kidogo, wakaniona sura, wakapanda. Kwa hiyo jicho lenu liko juu ya duka langu. Kila asubuhi napanda ngazi na goti langu nafuta kioo chake kwa kitambaa laini. Wameniambia nisisimame mbele yake muda mrefu. Ukiniona nimefuta na kushuka bila kukupungia mkono, usidhani nimenuna. Nakupisha uone mawingu.

Na ile rangi nyekundu iliyokuwa haiuziki nimeipatia kazi. Nimepaka ukuta wa duka, upande wa barabarani, ile namba uliyoniandikia chini ya barua. Tarakimu zina urefu wa mkono wangu. Chini yake nimeandika: HII NDIYO YA KUPIGA. USIMPIGIE RUBANI, HATA KAMA NI WAKO. Mdogo wako ndiye aliyenishikia ndoo.

Jana mama mmoja mgeni alisimama akasoma mpaka mwisho. Akaniuliza, "Kwani humu mjini kuna mtu ana rubani wake?"

Nikamwambia, mimi ninaye. Ndiyo maana simpigii.

Shangazi yako